Spika mpya, redio ile ile: jozi tatu zilizopita kwenye milango ya pikapu yangu

Spika ya mlango wa dereva ndiyo iliyotangulia kuharibika. Nilihamisha sauti yote upande wa kulia, kisha yote kushoto, nikasikia wazi: upande mmoja kila besi inaposhuka kunatoka mlio kama wa karatasi inayochanwa. Nilipofungua mlango nikakuta ule ukingo wa sifongo unaoishikilia koni kwenye fremu umeoza, ukiugusa kwa kidole unapukutika kama jivu. Koni yenyewe ni ya karatasi, ina madoa ya maji juu, na sumaku ya nyuma ni ndogo hata nikashangaa imevumilia miaka yote ile. Ya upande wa abiria ilikuwa njiani kufuata.

Gari ni pikapu ya dabo kebini. Naiendesha kila siku, mara nyingi peke yangu na mzigo nyuma, kwa hiyo redio kwangu ni mwenzi wa safari. Redio ya kiwandani sikutaka kuigusa. Imeunganishwa na vitufe vya usukani na kamera ya nyuma, na haijawahi kunisumbua. Amplifaya nayo, kile kifaa cha kuongezea redio nguvu, sikutaka, maana nafasi chini ya viti ina jeki, kamba na vifaa vyangu vya kazi. Swali lilikuwa moja tu: ni spika gani zitaimba vizuri kwa nguvu ndogo ya redio ile ile? Laiti ningelianza nalo swali hilo dukani, ningenunua jozi moja badala ya tatu.

Jozi ya kwanza niliichagua kwa maandishi ya boksi. Wati 300, kwa tarakimu kubwa. Spika nzito, koni ya nyuzi zilizosukwa, zinang'aa. Nikazifunga, nikawasha, na sauti ikatoka ndogo kuliko ya zile zilizooza. Nilikuwa nimezoea kusikiliza kwenye namba 14. Sasa ilinibidi nifike 22 ndipo nisikie maneno juu ya ngurumo ya dizeli, na nikivuka hapo sauti inakuwa kali na kuanza kukatika.

Spika hazikuwa mbovu. Nilikuwa nimesoma namba isiyo yake. Umeme wa gari injini ikiwaka ni volti 14 hivi, na redio ya kawaida kwa volti hizo haiwezi kuisukuma spika ya omu 4 (omu ni kipimo cha ukinzani wa umeme) kwa zaidi ya wati 20 hivi mfululizo bila sauti kuharibika. Ile "50 x 4" inayoandikwa usoni mwa redio nyingi ni kilele cha kufumba na kufumbua. Wati za kwenye boksi la spika nazo zinaeleza itavumilia kiasi gani kabla haijaungua, kama tani zinazoandikwa kwenye pikapu: zinakuambia gari linaweza kubeba nini, hazikuambii leo limepakiwa nini. Spika ya wati 300 inayolishwa wati 15 haipati hata moja zaidi ya hizo 15.

Namba iliyonihusu ilikuwa imeandikwa kwa herufi ndogo chini ya boksi: unyeti, yaani spika inatoa sauti ya ukubwa gani ikipewa wati 1 na kupimwa umbali wa mita 1. Jozi yangu ya kwanza ilikuwa desibeli 86, desibeli ikiwa kipimo cha ukubwa wa sauti. Kila desibeli 3 zinazopungua unazilipia kwa kuongeza wati mara mbili, kwa hiyo kati ya spika ya 86 na ya 92 kuna tofauti ya mara nne. Wati 5 kwenye ile ya 92 zinafanya kazi ya wati 20 kwenye ile ya 86. Redio yangu wati 20 ndizo mwisho wake. Nilikuwa nimeipakia mzigo wote ikiwa bado iko getini.

Kuna jambo hapo linalonikera, kwa sababu linapoteza fedha za watu. Si kila boksi linapima unyeti kwa njia moja. Mengine yanaandika "1 W/1 m", mengine "2.83 V/1 m", na mnunuzi anazilinganisha kana kwamba ni kitu kimoja. Volti 2.83 kwenye spika ya omu 8 ni wati 1. Kwenye spika ya omu 4 ni wati 2, na kwenye ya omu 2 ni wati 4. Basi spika ya omu 4 inayojisifu kwa desibeli 92 kwa volti 2.83 ni ya desibeli 89 ukiipima kwa wati 1. Kabla ya kulinganisha namba mbili, tazama zimepimwaje.

Omu nazo zina habari yake. JBL na Infinity, kwa mfano, wanajulikana kwa spika nyingi za magari zenye omu chini ya 4, na sababu ni ya maana: kwa volti zile zile, omu zikipungua umeme mwingi zaidi unapita na sauti inakuwa kubwa. Ni faida ya kweli. Lakini umeme huo unatoka kwenye redio, na redio isiyoundwa kwa omu ndogo hupata joto na inaweza kujizima. Kinyume chake pia kipo. Baadhi ya magari yanatoka kiwandani na amplifaya iliyofichwa na spika za omu 2, na mwenye gari akiweka za omu 4 anashangaa mbona sauti imepungua. Kwa hiyo zing'oe zile za zamani kwanza, zipime kwa multimita, ndipo uende dukani. Mita itasoma chini kidogo ya omu zinazotajwa kwa spika hiyo. Zangu zilisoma 3.4, maana yake ni spika za omu 4.

Jozi ya pili ilikuwa na namba nilizozitaka, 91 kwa wati 1, omu 4, na kwa dakika chache nilizozisikia ziliimba vizuri kweli. Kisha nikashusha kioo cha dirisha. Kikashuka robo tatu, kikagonga sumaku na kusimama.

Kina cha mlango nilikuwa nimekipima, ila nilikipima kioo kikiwa juu. Usinifuate. Shusha kioo chote hadi mwisho, ndipo upime kutoka bati la mlango, mahali spika inapokaa, hadi kwenye kioo na reli yake. Kwangu zilipatikana milimita 61, na spika ilikuwa ya 68. Nikafikiria kuisogeza nje kwa ringi ya milimita 12, na kioo kikapita, lakini sasa uso wa spika ukawa unagusa wavu wa paneli ya mlango na kutetemeka. Pima pande zote mbili basi, nyuma na mbele. Nikairudisha ile jozi, nikaiaga kwa huzuni ya kweli.

Ya tatu ndiyo iliyomo hadi leo, ikiwa na miezi mitano sasa. Inchi sita na nusu, kina cha milimita 55, omu 4, desibeli 92 kwa wati 1, na wati 60 za kuvumilia mfululizo, ambazo kwa redio yangu zinatosha na kusaza. Koni ni ya plastiki aina ya polipropilini na ukingo wake ni wa mpira. Nilizing'ang'ania hizo mbili kwa sababu ya yale madoa ya maji. Watu wengi hatujui kwamba mlango wa gari hulowa ndani kila mvua inaponyesha: maji hupita pembeni ya kioo, hushuka humo humo na kutokea kwenye vitundu vya chini. Spika ya mlangoni inaishi kwenye unyevu. Karatasi na sifongo vinaweza kutoa sauti tamu, lakini mahali hapo ni pagumu kwao.

Ni seti ya vipande viwili, yaani koni kubwa ya mlangoni na pembeni twita yake, kispika kidogo cha sauti nyembamba, na hilo nililichagua kwa makusudi. Zile ambazo twita imekaa katikati ya koni ni rahisi kufunga na hazina kosa, ila spika ya mlango wa pikapu iko chini, inautazama mguu wa dereva. Sauti nyembamba, zile za herufi "s" na matoazi, huenda moja kwa moja kama mwanga wa tochi na humezwa na suruali na kiti. Pikapu yangu ilikuwa na twita ndogo za kiwandani kwenye kona za dashibodi, kila moja na kapasita yake ya kuzuia besi. Nikaweka mpya mahali pale pale, na mwimbaji aliyekuwa akiimbia miguuni sasa anasikika juu ya dashibodi, mbele yangu. Nilichukua twita za kitambaa cha hariri. Kioo cha mbele kiko karibu na kinarudisha kila kitu, na twita za metali nilizozijaribu pale zilinichosha masikio kabla ya saa moja kwisha.

Lakini spika peke yake isingenipa ninachokisikia leo. Nilipoifunga mara ya kwanza kama nilivyoikuta ile ya zamani, besi ilikuwa haba. Koni inapokwenda mbele inasukuma hewa mbele, na nyuma yake inavuta. Hewa hizo mbili zikikutana, besi inajifuta yenyewe. Mlango wangu ulikuwa na matundu makubwa ya kupitisha mkono wa fundi, yamefunikwa kwa nailoni iliyochanika, na kati ya spika na bati kulikuwa na mwanya unaopitisha kucha. Nikatengeneza ringi ya plastiki ngumu (ya ubao wa unga wa mbao uliobanwa ingefura kwa maji), nikaweka sifongo laini kuizunguka pande zote, nikaziba matundu makubwa kwa vipande vya mpira vinavyojinatisha, na nailoni nikairudisha kwa gundi mpya. Vitundu vya chini vya kutolea maji sikuvigusa. Besi ilirudi jioni ile ile, kwa spika zile zile na redio ile ile, na namba ya sauti ikashuka hadi 12.

Kabla ya kuziba chochote, angalia kitabu cha gari lako. Baadhi ya magari yana kihisi cha mfuko wa hewa ndani ya mlango, kinachosoma shinikizo la hewa mlango unapogongwa. Hicho hakizibwi, hakihamishwi, na muziki hauna thamani ya kukichezea. Betri pia niliichomoa kabla ya kugusa paneli za karibu na dashibodi.

Waya nilizikagua kwa betri ndogo ya volti 1.5. Unagusisha chanya kwa chanya na hasi kwa hasi kwa sekunde moja, na koni inatakiwa iruke kwenda nje. Yangu ya abiria iliingia ndani: nilikuwa nimegeuza waya. Kosa hilo halitoi harufu wala moshi. Spika zote mbili zinalia, ila besi inapotea katikati ya gari na mtu anarudi dukani kulalamikia spika nzima.

Sasa zinavyoimba. Mtangazaji wa habari anasikika kila neno nikiwa barabara ya vumbi na vioo vimefungwa, na hapo awali nilikuwa nakisia nusu. Gitaa la besi unalifuata nota kwa nota. Ngoma inapigwa na kunyamaza, haiachi ukungu nyuma yake. Lakini besi ya chini kabisa, chini ya hezi 60 hivi, haipo, na anayetaka kuhisi besi mgongoni atahitaji spika ya besi yenye amplifaya yake nyuma ya kiti. Hata nikiwa peke yangu usiku barabarani sijaitamani. Kwenye redio nimewasha kichujio cha hezi 80, kinachopunguza besi iliyo chini ya hapo, ambacho kwangu kilikuwa kimejificha ndani ya menyu ya sauti, na koni zimepumzika: naweza kwenda hadi 20 bila kukwaruza.

Za milango ya nyuma nimeziacha za kiwandani. Huko wanakaa watu mara chache, na kila nilichokuwa nacho nilitaka kiende mbele. Nimesogeza sauti hatua tatu kuelekea mbele ili zisinivute mgongoni.

Jozi hii nampendekezea kwa moyo wote mwenye redio ya kiwandani asiyetaka amplifaya. Mwenye amplifaya ya wati 75 kwa kila spika hana haja ya kuifuata. Ile jozi yangu ya kwanza, yenye desibeli 86, kwake pengine ingeng'ara. Niliiuza kwa mtu wa namna hiyo hasa, na ameifurahia.

Kimebaki kimoja. Mlango wa abiria una ufito wa kitasa unaotetemeka kwenye nota moja ya besi, moja tu, na nikishaisikia siwezi kuacha kuisubiri. Utepe wa sifongo wa kuuzungushia ufito ule ninao tayari kwenye kiboksi cha dashibodi. Jumamosi nafungua tena.