Chokoleti ya kakao ya Kyela: tamu, ila duka lile simo

"Wateja wangu Wazungu hawajawahi kulalamika." Ndivyo alivyonijibu muuzaji wa duka moja kule Masaki, mwanzoni mwa mwaka, joto la Dar likiwa halivumiliki, nami nimeshika chokoleti ya Sh12,000 iliyopauka kama mguu usiopakwa mafuta.

Ni chokoleti nyeusi ya kilimo hai. Imeandikwa kakao ya Kyela, mkulima kalipwa kwa haki. Kwetu ni Kyela, wajomba zangu wana mikakao chini ya migomba, kwa hiyo niliinunua kwa fahari na kuifungua palepale kaunta. Mabaka meupe juu hadi chini. Nikaivunja, haikulia; ilimeguka tu ikadondosha vumbi.

Ule si ukungu, wala haudhuru. Mafuta ya kakao yanayeyuka kwenye nyuzi 34 hivi, chini kidogo ya joto la mwili, ndiyo maana chokoleti nzuri inakuyeyukia mdomoni. Ikiyeyukia rafuni kisha ikaganda tena ovyo, mafuta yanapanda juu na kuacha weupe. Na rafu yenyewe niliiona: imebanwa kwenye kioo cha dirisha linalotazama magharibi. Nikaweka kiganja juu ya ubao, wa moto.

Nikamwambia kwa upole, "Mdogo wangu, hizi zimepigwa jua." Akasema, "Dada, hii ni oganiki, haina kemikali, lazima ipauke." Uongo mtupu! Kilimo hai ni habari ya shambani, kulima bila mbolea wala dawa za viwandani. Jua la dirishani linaingiaje hapo? Nilipoendelea kumweleza ndipo akanitupia hilo la Wazungu, akarudi kwenye simu yake. Meneja hayupo. Hela hairudi.

Na hela siyo iliyoniuma zaidi. Mtu anayejibu vile hajui alichoshika. Kakao haichumwi leo ikauzwa kesho. Punje zinatolewa kwenye ganda pamoja na utelezi wake mweupe, zinavundikwa kwenye masanduku ya mbao chini ya majani ya mgomba, siku tano, sita, hata saba, zinageuzwa ili zive sawasawa, ndipo zianikwe kwenye vichanja. Na mvua za Kyela mnazijua: wingu likijikusanya, nyumba nzima inatoka mbio kwenda kufunika. Ladha inaanzia hapo. Bado kuipeleka AMCOS, chama cha ushirika cha wakulima, bado ghala, bado mnada. Kazi yote hiyo, halafu mtu anashindwa kuisogeza hatua mbili kutoka dirishani!

Nilikuwa nimeshaamua kuwaambia msiinunue kabisa. Lakini njiani nilikula kipande, kwa hasira, na chini ya ule weupe ladha ilikuwepo: uchachu wa tunda kwanza, kisha uchungu mzuri unaobaki kinywani muda mrefu. Baadaye nikanunua ileile kwenye duka jingine lenye ubaridi. Inang'aa, na ukiivunja inalia ta! Ni nzuri jamani, inazipita nyingi za nje zilizojaa sukari.

Basi niipe nyota tano? Hapana, maana watengenezaji nao wana lao. Maelezo yote kwenye pakiti ni ya Kiingereza, na onyo kuhusu joto liko nyuma kwa herufi ndogo mno. Muuzaji angelisoma saa ngapi? Halafu wanasema mkulima kalipwa kwa haki, bei hawaitaji. Fairtrade, wale wa nembo ya biashara ya haki, walau wanaiweka wazi: kima cha chini kilichoanza 2019 kilikuwa dola 2,400 kwa tani, na dola 240 za ziada kwa ajili ya ushirika wa wakulima. Mwaka 2024 bei ya dunia ikapita dola 10,000. Bei ikitembea hivyo, kuniambia "haki" bila namba hakunitoshi. Andikeni: kilo tulinunua shilingi kadhaa, msimu fulani. Aliyelipa vizuri anaficha nini?

Kuila nitaendelea kuila, nimeshaionja ikiwa salama na siwezi kuisusa kakao ya kwetu. Masaki pale ndiyo simo. Nanyi mkiikuta popote, gusa rafu kwanza. Ikiwa ya moto, ulizeni kama wana nyingine stoo, na mkianza kuambiwa eti oganiki lazima ipauke, ondokeni.