Tela jipya la kuishi: matairi tuliyochagua na tulivyoagiza kiwandani

Julai 2023, tukiwa tumeshaipita Amarillo tunaelekea Tucumcari kwenye barabara kuu ya I-40, tairi la nyuma kushoto la tela letu la zamani lilipasuka. Sikusikia kishindo. Nilichoona ni vipande vya mpira vikiruka kwenye kioo, na mke wangu akaniambia, "Baba Neema, simama." Kufika chini nikakuta tairi limebaki nyuzi. Lilikuwa limechana boksi la gurudumu, limekata nyaya za breki na kung'oa ukuta chini ya jiko. Tairi lile thamani yake ilikuwa dola mia na ushee. Matengenezo yalizidi dola 4,000, na wiki tatu tulilala hotelini.

Naandika kwa ajili ya ndugu zetu walioko Marekani, maana watu wengi wameniuliza tulichagua matairi gani na tuliagizaje tela letu. Mke wangu ni muuguzi wa mikataba: wiki 13 hospitali hii, wiki 13 nyingine jimbo jingine. Mimi ni dereva wa semi. Kodi ya nyumba ya muda mfupi ilikuwa inatumaliza, ndipo tukaingia kwenye maisha ya fifwili (fifth wheel). Kwa asiyeijua, ni tela la kuishi ambalo halifungwi nyuma ya bampa. Lina kingipini, yaani pini nene ya chuma, inayokaa kwenye sahani ndani ya bodi ya pikapu, juu ya ekseli ya nyuma, sawasawa na semi za njia ya Dar kwenda Tunduma. Hutulia barabarani kuliko tela linalofungwa kwenye bampa, na hubeba uzito mkubwa. Uzito huo ndio unaoyatesa matairi, na wengi wanaonunua hawauangalii.

Nilipolichunguza tairi lililopasuka nilijilaumu. Lilikuwa na meno yote, wala halikuwa kipara. Lakini tarakimu nne za mwisho za namba ya DOT, ile ya utengenezaji iliyoko ubavuni mwa tairi, zilisomeka 4317, yaani lilitengenezwa wiki ya 43 ya mwaka 2017. Lilikuwa linakaribia miaka sita. Matairi ya tela huzeeka kabla ya kuisha: yanasimama juani miezi, kisha siku moja yanadaiwa kubeba tani kwenye lami inayochemka. La pili, lilikuwa tairi la ST, la tela, lisilo na herufi ya mwendo. Tairi la namna hiyo huhesabiwa kuwa la maili 65 kwa saa. Kibao cha barabara kiliruhusu 75, nami nilikuwa kwenye 72. Mimi, mtu ninayekagua matairi 18 kila asubuhi kazini, nilikuwa nikiivuta nyumba yangu bila kusoma kilichoandikwa ubavuni.

Mwanzoni mwa 2024 tukaamua kuagiza jipya. Kiwanda kiko kaunti ya Elkhart, Indiana, mahali ambapo sehemu kubwa ya nyumba za magurudumu za Marekani hutengenezwa. Ukiagiza badala ya kuchukua lililoko uwanjani, unasubiri miezi, lakini unachagua. Muuzaji alitukalisha na karatasi yenye vitu zaidi ya arobaini vya kutia tiki, na alianza na vitu vya kupendeza macho: meko ya umeme, televisheni ya nje, rangi ya makabati. Nikamwomba tuanzie chini ya sakafu.

Hesabu ilikuwa hivi. Tela lina ekseli mbili za kubeba uzito wa pauni 7,000 kila moja, jumla 14,000. Matairi ya kawaida ya kiwanda yalikuwa ST235/80R16 ya daraja E (herufi ya uwezo wa kubeba, ikipanda na uwezo unapanda), ya pauni 3,520 kila moja kwa presha ya 80 (pauni kwa inchi ya mraba). Zidisha kwa manne: 14,080. Akiba ya pauni 80 tu, kama kilo 36, kwa tela zima! Kiwanda kitakuambia kwamba sehemu ya uzito inabebwa na pikapu kupitia kingipini, na ni kweli. Lakini hesabu hiyo inachukulia kwamba matairi manne yanagawana mzigo sawa, na tela la kuishi haligawani sawa hata kidogo. Jiko, friji na meza viko upande mmoja.

Kwa hiyo nilitia tiki kwenye daraja G kabla ya kitu kingine chochote. Ukubwa ni uleule wa 235/80R16, hivyo nafasi ya gurudumu haibadiliki, lakini presha yake inafika 110 na tairi linabeba pauni 4,400. Yaliyokuja ni Sailun S637, ya nyuzi za chuma mpaka ubavuni. Najua kuna wanaokunja uso wakisikia tairi la Kichina. Nilikuwa mmoja wao. Nililinganisha na Goodyear G614, ambalo nalo ni daraja G lakini linabeba 3,750 na bei yake ilikuwa mbali sana, na Goodyear Endurance, tairi zuri la mwendo wa hadi maili 87 kwa saa, ila kwa saizi yetu nililiona katika daraja E. Kwa tela jepesi kuliko letu ningechukua Endurance bila kusita. Nilifikiria pia matairi ya rimu za inchi 17.5, yale madogo magumu ya kwenye lobedi, yanayobeba pauni 4,805 kwa presha ya 125. Yanataka rimu nyingine na gharama nyingine, na kwa uzito wetu niliona ni kuzidisha.

Hapa ndipo watu wanapoteleza, na naomba mnisikilize vizuri: tairi likipanda daraja, rimu na valvu lazima vipande nalo. Kuna rimu za presha 80. Ukizitia tairi la 110 ukajaza mpaka juu, umejitengenezea hatari mpya. Nyuma ya rimu kuna mhuri. Zetu zimeandikwa 110 na pauni 3,750. Maana yake, pamoja na ubavu wa tairi kusema 4,400, mimi nahesabu 3,750, kwa kuwa rimu haijui tairi linajisifu nini. Valvu nazo ziwe za chuma, si zile za mpira.

Siku ya kulichukua tela, Mei, nililala chini na tochi kabla ya kusaini. Matairi manne yalikuwa sahihi, na tarehe zake za miezi michache iliyopita. Spea ilikuwa daraja E, juu ya rimu ya presha 80. Muuzaji akasema spea ni ya kukufikisha tu. Nikamwuliza, inifikishe wapi, ikiwa naibeba nyumba nzima na karakana ya karibu iko maili 90? Tulivutana karibu saa mbili, kwa heshima, na mwishowe wakabadilisha. Tangu hapo kila anayeniomba ushauri namwambia aandike neno spea kwenye karatasi ya oda.

Vitu vingine vya chini tulivyolipia: boliti za springi zenye tundu la grisi na bushi za shaba, badala ya bushi za plastiki ambazo huliwa haraka, pamoja na kisawazishi cha mpira cha kampuni ya MORryde kati ya ekseli mbili. Hiki hupunguza mshtuko unaofika ndani. Kwenye tela la zamani tulikuwa tukifungua makabati tunakuta vikombe chini. Sasa naweza kuacha chupa ya mafuta ya kupikia kabatini na nikaikuta imesimama.

Kisha breki. Kawaida ni dramu za umeme. Sisi tuliagiza diski zinazosukumwa kwa haidroliki, kwa nyongeza iliyopita dola 2,000, na ndicho kitu kilichomfanya mke wangu asite. Nilimkumbusha mteremko wa Kitonga. Yeye ni wa Iringa, amekua akiona malori yakishuka pale na moshi ukitoka magurudumuni, hakuhitaji maelezo zaidi. Oktoba tulipita Raton Pass, mpakani mwa New Mexico na Colorado, futi 7,834 juu ya usawa wa bahari. Niliteremka kwa gia ya chini na breki ya injini, na kila nilipogusa pedali tela lilishika palepale, bila kutusukuma kwa nyuma. Chini nilipima magurudumu kwa kipimajoto cha mwanga, na yote manne yalikuwa karibu sawa.

Kwa vitu vya ndani sikuwa na ubishi, niliacha mama Neema aongoze. Alitaka madirisha ya vioo viwili. Anafanya zamu za usiku na hulala mchana kwenye viwanja vilivyojaa watoto na mbwa, na tofauti ya kelele ni kubwa kuliko nilivyotarajia. AC ya pili tuliichukua kwa ajili ya joto la Texas. Inakwenda pamoja na umeme wa ampea 50, ambao ni wati 12,000, wakati wa ampea 30 ni 3,600 tu, hivyo usinunue AC mbili ukabaki na ampea 30. Friji tulichagua ya volti 12 badala ya ya gesi. Inapoza haraka na haisumbuki tela likiinama kidogo, na friza yake inameza samaki na kisamvu cha mwezi mzima. Ukikaa porini bila umeme itamaliza betri, kwa hiyo wanaopenda kulala misituni wafikirie mara mbili.

Meko, jiko la nje na jenereta ya kufungwa tuliviacha. Jenereta na mashine ya kufulia hukaa mbele, na kila pauni unayoweka mbele inaikandamiza pikapu. Angalia stika ya njano kwenye fremu ya mlango wa dereva: hapo pameandikwa pikapu yenyewe inaruhusiwa kubeba nini, abiria na sahani ya fifwili vikiwemo. Yetu ina magurudumu mawili kila upande nyuma. Nimekutana na watu wenye pikapu za magurudumu manne tu ambao kingipini peke yake imeshamaliza ruhusa yao.

Baada ya kupakia kila kitu, sufuria, vitabu vya mtoto na mchele wa kilo 20, tulikwenda kwenye mizani ya malori ya CAT, ile ninayoitumia kazini. Pikapu peke yake, kisha pamoja na tela. Tela lote lilikuwa pauni 15,000: 12,120 kwenye ekseli zake na 2,880 kwenye kingipini. Ukigawa kwa manne unapata 3,030 kwa tairi, na ungesema hata daraja E lingetosha. Lakini baadaye tulipata nafasi ya kupima gurudumu mojamoja kwa mizani ya kubebwa. Kushoto, upande wa jiko, tulipata 3,390 na 3,140. Kulia, 2,830 na 2,760. Tairi lililobeba zaidi lingekuwa limebakiwa na akiba ya pauni 130 tu kama ningeacha matairi ya kawaida. Mke wangu alizitazama namba zile kimya, kisha akahamisha sanduku la vyuma vya mazoezi upande wa kulia yeye mwenyewe.

Kwa matumizi ya kila siku, najaza 100 asubuhi matairi yakiwa baridi, kwa kufuata jedwali la mzigo na presha la kampuni. Kwa 110 tela linadunda bure. Mchana wa joto kipimo cha presha kilichofungwa kwenye valvu hupanda mpaka 112 hivi, nami sipunguzi upepo. Kupunguza tairi likiwa moto ni kosa ambalo nimeona likifanywa na watu wazima. Kipimo hicho hakikuwa kwenye orodha ya kiwanda, nilikinunua pembeni, na nisingevuta tela bila hicho. Nati za magurudumu nilizikaza tena kwa spana ya kupimia baada ya maili 50 za kwanza. Mbili zilizunguka kidogo.

Tumeshatembea maili zaidi ya 14,000. Matairi yanalika sawasawa, na hakuna lililopoteza upepo. Nikiambiwa niagize tena nitabadilisha vitu viwili. Ningeongeza vitambaa vya kufunika juu ya vyumba vya kusukuma nje, vile vinavyotoka ubavuni mwa tela likiwa limeegeshwa, maana sasa napanda ngazi kufagia majani kila tukitaka kuondoka, na mvua ikinyesha maji yanaingia mpaka kitandani. Pia ningeulizia ekseli za pauni 8,000. Neema ameanza kukusanya mawe kila mbuga tunayopita, na yote anayaweka chini ya kitanda chake, upande wa kushoto.