Sentensi moja ya mkufunzi ilivyonifunga mdomo: uzoefu wangu na jukwaa la majadiliano la stashahada ya mtandaoni

Nimekaa na jambo hili moyoni kwa miezi kadhaa, na nimeona afadhali niliandike nikiwa bado nakumbuka kila neno, kwa sababu najua wapo wengi hapa Nairobi ambao, kama mimi, hufanya kazi mchana na kusoma usiku, na ambao wanafikiria kulipia masomo ya mtandaoni kwa kuahidiwa kwamba watakuta huko jukwaa la majadiliano lenye uhai. Sitakitaja chuo. Wala sitaeleza karo na masharti ya kujiunga, maana hayo yamo kwenye tovuti yao na kila mtu anaweza kuyasoma. Ninataka kuzungumzia jukwaa lenyewe, na hasa jibu moja nililopewa pale mbele ya darasa zima, jibu ambalo mpaka leo likinijia akilini natamani kudai karo yangu irudishwe.

Nasomea stashahada ya afya ya jamii. Mchana ninauza katika duka la dawa, na ninaishi Pipeline, Embakasi, ghorofa ya sita, ambako maji ya mfereji huja siku yanapotaka na siku nyingine tunanunua kwa mtungi. Nalitaja hili kwa sababu ndilo lililozaa kisa chote. Kila wiki mkufunzi huweka swali jukwaani, nasi hutakiwa kulijibu na kisha kuwajibu wenzetu wawili, na ushiriki huo una alama zake katika matokeo ya mwisho. Wiki hiyo, mapema katika muhula wangu wa pili, swali lilikuwa hili: kwa nini maji yaliyosafishwa vizuri kiwandani humfikia mtumiaji yakiwa yamechafuka?

Nilipolifungua jukwaa usiku baada ya kufunga duka, nilikuta majibu kama thelathini, na karibu yote yalikuwa yakisimulia habari za John Snow, daktari aliyeonyesha kwamba kipindupindu kilienezwa na maji ya pampu ya Broad Street, London, mwaka 1854. Ni kisa ambacho kila anayesomea afya hana budi kukijua, lakini pampu ile ilitoa maji ya kisima kilichochafuliwa huko huko chini, hivyo hakijibu swali la maji yanayotoka kiwandani yakiwa safi na kuchafukia njiani. Chini ya kila jibu wenzangu walikuwa wameandika maneno yale yale: nakubaliana nawe, umeeleza vizuri, asante kwa mchango wako. Hakuna aliyemuuliza mwenzake lolote. Ilikuwa wazi kwamba watu wamekuja kuchukua alama na kuondoka.

Mimi niliamua kuandika nilichokiona kwa macho yangu. Niliandika kwanza kwenye daftari la simu, kwa muda wa saa mbili hivi, kwa sababu siku za nyuma mtandao uliwahi kukatika nikiwa naandika moja kwa moja jukwaani na jibu zima likapotea. Nilieleza kwamba sehemu kubwa ya maji ya Nairobi hutoka katika bwawa la Ndakaini, kaunti ya Murang'a, yakasafishwa katika kiwanda cha Ng'ethu kabla ya kuletwa mjini, na kwamba huko sina shaka nako. Shaka yangu huanzia kwenye uchochoro unaotoka kwetu kuelekea Mukuru kwa Njenga, ambako mabomba membamba ya plastiki yamelazwa ndani ya mtaro wa maji machafu, na pale yalipopasuka yamefungwa kwa vipande vya mpira wa tyubu. Maji yakiwa yanasukumwa kwa nguvu, mpasuko huo hutoa maji nje. Siku za mgao, nguvu ikishuka, mpasuko ule ule hufyonza uchafu wa mtaroni ukaingia ndani. Maji yanaporudi, mtungi wa kwanza hutoka na rangi ya chai ya strungi, na jirani zangu huutumia kupigia deki ngazi. Nilimaliza kwa swali: kwenu, mtungi wa kwanza mnaufanyia nini?

Asubuhi nikiwa kwenye matatu, kabla hatujafika kituo cha Taj Mall, arifa ikaingia. Mkufunzi alikuwa amejibu kwa Kiingereza, nami naitafsiri kama ilivyokuwa: "Hizi ni hadithi za mtaani, soma makala mliyopewa kabla ya kupoteza muda wa wenzako." Basi. Hakunitaja jina, hakunisalimu, hakusema ni wapi nimekosea wala ni ukurasa upi wa makala ungenirekebisha. Kuna jirani zangu waliougua kuhara kwa sababu ya maji hayo, na mtu anayelipwa kunifundisha afya ya jamii akayaita hadithi.

Maneno hayo yalinikata maini. Nilipofika kazini niliandika jibu kali, refu, la kumuuliza kama amewahi hata siku moja kubeba mtungi wa lita 20 mpaka ghorofa ya sita, nikalituma. Chuo chetu kinatumia Moodle, programu ya kuendeshea masomo ya mtandaoni, ambayo kwa kawaida humpa mwandishi dakika 30 za kurekebisha au kufuta alichoandika kabla ya nakala kupelekwa kwa wenzake kwa barua pepe. Nilikaa nyuma ya kaunta nikiitazama saa, mteja mmoja akasubiri dawa yake ya kikohozi muda mrefu kuliko ilivyostahili, na dakika kama ya ishirini nikalifuta. Niliogopa alama zangu. Naandika hivi bila kuficha kwa sababu hofu hiyo ndiyo iliyokuwa imetanda katika jukwaa lote, ila nilikuwa sijaijua mpaka iliponifikia.

Siku mbili nzima hakuna aliyejibu chini ya chapisho langu. Darasa zima lilikuwa limesoma sentensi ile na kuelewa kinachotakiwa. Wiki zilizofuata mijadala ilizidi kupoa, nami nikajiunga na wanaokubaliana: nilinakili aya kutoka kwenye makala, nikaipanga upya, nikawaandikia wenzangu wawili kwamba wameeleza vizuri. Nilipata alama zote. Jambo hilo liliniumiza kuliko jibu lenyewe, maana saa mbili za kufikiri zilinipa aibu, na dakika kumi za kunakili zikanipa alama kamili. Kama mngeniuliza wakati huo, ningesema msitoe hata shilingi moja.

Lakini sitatenda haki nikiishia hapo. Siku ya tatu au ya nne baada ya jibu lile, mwenzetu mmoja wa Kwale, ambaye ni mhudumu wa afya ya jamii kijijini kwao na ambaye sijawahi kumwona ana kwa ana, aliandika chini ya chapisho langu, tena kwa Kiswahili: "Dada wa Pipeline, pole kwa ulivyojibiwa. Sisi huku mtungi wa kwanza tunaupima." Akaeleza kwamba hutumia kidonge kinachoyeyushwa katika kichupa cha maji, na maji yakiwa bado na klorini, ile dawa ya kuua vijidudu inayotiwa kiwandani, hugeuka rangi ya waridi, ilhali yasipogeuka ujue klorini imeisha. Akaongeza kwamba mwongozo wa Shirika la Afya Duniani unataka klorini iliyobaki isipungue miligramu 0.2 kwa lita pale mtu anapochotea, na kwamba uchafu ukiingia bombani huimaliza haraka, kwa hiyo maji ya uchochoro wangu yanaweza kuwa yametoka kiwandani na kinga ya kutosha yakanifikia hayana kitu. Aya yake moja ilinifundisha zaidi ya makala tatu. Nilimuuliza vidonge hivyo hupatikanaje, akanijibu. Akaniuliza kuhusu matangi ya juu ya paa za magorofa, nikapanda kuyaangalia, mawili nikayakuta hayana vifuniko. Tuliandikiana hivyo kwa karibu wiki mbili, na mwishoni wenzetu wanne au watano walikuwa wameingia, kila mmoja na maji ya kwao.

Kwa hiyo nimejua kwamba jukwaa hili linaweza kumfaa mwanafunzi sana, na nimejua linamfaa kwa njia gani. Linamfaa anayekuja na kitu kimoja alichokiona, akakiunganisha na somo, kisha akaacha swali ambalo mtu wa Kwale au wa Lodwar anaweza kulijibu kwa kutazama mazingira yake. Linamfaa anayeandika mapema katika wiki, kwa sababu anayeandika usiku wa mwisho hukuta watu wameshaondoka. Na zaidi ya yote linamfaa anayerudi. Mwenzangu wa Kwale hakuandika "umeeleza vizuri"; alichukua sentensi yangu moja, ile ya mtungi wa kwanza, akaijibu hiyo hiyo. Nami siku hizi nafanya vivyo hivyo: nanukuu sentensi ya mtu, namwambia ni wapi nimeshangaa au ni wapi sikubali, kisha narudi baada ya siku mbili kuona alichosema.

Programu yenyewe siilaumu. Moodle ipo tangu mwaka 2002, ilibuniwa na Martin Dougiamas huko Australia, na ina aina ya mjadala ambayo mwanafunzi haoni majibu ya wenzake mpaka awe ameandika la kwake. Kama chuo kingeichagua hiyo, wale thelathini wasingeweza kunakiliana pampu ya Broad Street. Waliokabidhiwa programu hiyo chuoni ndio ambao hawajajali.

Nilikuwa nimeanza kupoa, hata nikapanga kuandika kwamba ni huduma nzuri yenye kasoro ndogo. Kisha wiki chache kabla ya mtihani tukawa na kipindi cha video, na mkufunzi yule yule, akieleza kuchafuka kwa maji, akatoa mfano wa mabomba ya plastiki yanayopita mitaroni na kufyonza uchafu nguvu ya maji inaposhuka. Alitaja mpaka vipande vya tyubu. Hakusema mfano huo umetoka wapi. Niliduwaa mbele ya simu, kipaza sauti changu kimezimwa, nikiwatazama wenzangu wakiandika pembeni kwamba ni mfano mzuri sana, Mwalimu. Ikiwa ni hadithi za mtaani zinapoandikwa na mwanafunzi, zinakuwaje somo zinapotamkwa na mkufunzi? Na kama alibadili mawazo, jambo ambalo ni la heshima kwa mwalimu, alishindwa nini kurudi pale pale jukwaani, mbele ya wale wale, akaandika sentensi moja?

Nimewaandikia ofisi ya masomo, nikaambatisha picha ya jibu lile, nikaomba mambo mawili: mkufunzi aandike jukwaani sentensi hiyo moja ya kurekebisha jibu lake, na mijadala iwekwe katika mfumo wa kuandika kwanza ndipo uone. Bado hawajanijibu, na siku ya mwisho ya kulipa karo ya muhula ujao imekaribia. Mwenzangu wa Kwale ameshalipa yake, na juzi aliniuliza kama nitakuwepo. Nimemwambia nitakuwepo, na kwamba safari hii nikijibiwa vile mbele ya watu, dakika 30 zitapita na jibu langu sitalifuta.