Inkscape ya kugeuza mchoro wa mkono kuwa faili la CNC: nyota 4 kati ya 5

Mi ni seremala hapa Keko, kompyuta tumekutana ukubwani. Tuna mzee wetu anachora maua ya vitanda kwa penseli, mkono hauinuki, sasa mashine ya CNC, ile inayochonga mbao kwa kuongozwa na kompyuta, haijui penseli, inataka mistari ya hesabu, ndo nikaishusha Inkscape, programu ya kuchorea kwenye kompyuta, bure kabisa.

Mara ya kwanza nikapiga picha na simu, nikaenda Trace Bitmap, sehemu ya kugeuza picha kuwa mistari, nikabonyeza nikajiona mjanja. Kumbe mstari wa penseli Inkscape ye anauona kama doa lenye unene, anafuata ukingo wa huku na wa huku, unapata mistari miwili. Usipozoom huoni. Mi nilikuja kuona kwenye MDF, ubao wa unga wa mbao, biti ya kukatia imepita mara mbili kila petali, ubao ukaenda na maji. Uzembe wangu. Dawa ipo palepale, chagua Centerline tracing, ilikuja na toleo la 1.0 mwaka 2020, inapita katikati ya mstari, mmoja tu.

Halafu usimpe penseli mbichi. Kivuli cha mkono kwenye picha nacho anakifanya ua. Sa hivi napitisha peni nyeusi juu ya mchoro, nafuta penseli, napeleka steshenari wanaskani.

Kinachokera ni nodi, vile vidoti vinavyoshika mstari, aisee. Jani moja lilitoka na nodi zaidi ya 100 wakati nane zinatosha, na mashine inatembea inashtukashtuka kama bodaboda kwenye matuta. Ctrl+L inazipunguza ila ukizidisha ncha za majani zinakua butu. Likinishinda nachora upya juu yake na peni ya Bezier ya humohumo Inkscape, hilo jina ni la mhandisi wa Renault kule Ufaransa, Pierre Bézier, miaka ya 1960 alikua anahangaika kuyaweka maumbo ya bodi za magari kwenye hesabu, yaani shida yetu hiihii.

Ukituma DXF, faili la mistari linalosomwa na mashine, mwandikie mwenye mashine na vipimo, sentimita ikisomeka milimita ua la kitanda linatoka la kifungo.

Kitanda cha kwanza kilipotoka mzee akapitisha kidole kwenye maua yote, akasimama kwenye jani la kushoto, akasema hili si langu. Kweli, lile nililibonyeza Ctrl+L mara tatu.