Wakala wa ajira hapa Dar, nyota 2 tu

Jina lao naliacha. Ofisi safi, AC inapuliza vizuri, meseji wanajibu fasta, hapo sina neno. Shida ni intavyuu yenyewe. Nafasi ni ya uhasibu lakini kaka anayenihoji anaanza na umeolewa? una mpango wa kuzaa karibuni? halafu eti wewe kabila gani, sasa kabila langu na kufunga hesabu za mwezi vinahusiana wapi jamani?? Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004, kifungu cha 7, inakataza ubaguzi wa kabila, dini, ujauzito, ndoa, umri, ulemavu, hadi VVU, na anayeomba kazi naye analindwa, sio walioajiriwa tu. Kuniuliza kama naweza kusafiri mikoani au kuchelewa kutoka mwisho wa mwezi ni sawa kabisa maana hiyo ndo kazi, ila nani atabaki na mtoto, hapana aisee. Nikamuuliza kistaarabu hilo linaingiaje kwenye majukumu, akacheka akaruka swali (kumbe anajua!). CV yangu nimewaambia waifute.