Miezi minane ya Kihispania nyumbani Rau: programu ilinifaa wapi, na wapi nililazimika kutafuta njia yangu

Februari mwaka jana tulikuwa kambi ya Horombo, mita 3,720, njia ya Marangu ya Mlima Kilimanjaro. Mama mmoja kutoka Hispania alikuwa amekaa kwenye ngazi ya kibanda chake, ameshika kichwa kwa mikono miwili, anarudia "me duele la cabeza, me duele mucho". Mwanawe, aliyekuwa mkalimani wetu kwa Kiingereza, alikuwa amepanda na wenzake hadi kwenye miamba ya Zebra Rocks kuzoesha mwili hewa ya juu. Mimi, mwongoza watalii msaidizi, ndiye niliyebaki naye. Habari ya kichwa niliiona kwa macho. Lakini nilitakiwa kujua kama ametapika, kama anaona kizunguzungu, amekunywa maji kiasi gani tangu asubuhi, na sikuwa na neno hata moja la kuulizia. Tulimteremsha Mandara, kambi ya chini yake, jioni ile, akapata nafuu. Mimi nilirudi Moshi nikiwa na deni moyoni.

Masika yalipoanza na kazi ya mlima ikapungua, nikanunua programu ya kompyuta ya kujifunzia Kihispania. Darasa la jioni lisingenifaa: ukipanda siku saba, unarudi wenzako wamekwenda mbali. Wenzangu kadhaa wa mlimani na wa mbugani wameniuliza kama hela ile ilifanya kazi, ndiyo maana naandika.

Ni programu ya zile za picha na sauti. Inakuonyesha mtoto anakunywa maji, sauti inasema "el niño bebe agua", wewe unachagua picha, unasikiliza tena, kisha unatamka kwenye maiki na programu inakupima. Nilikaa nayo dakika arobaini kila asubuhi kabla nyumba haijaamka.

Kwa upande wa sikio na ulimi, naisifu bila kusita. Mswahili anaanza Kihispania akiwa na mtaji mkubwa ambao hakuna mtu aliwahi kunieleza. Irabu zao ni tano, a e i o u, na zinatamkwa karibu sawa kabisa na zetu. Ile "ñ" ni "ny" yetu ya nyanya. Herufi "d" ikiwa katikati ya irabu, kama kwenye "nada", inalainika kuelekea "dh" ya dhahabu, na "g" ya "amigo" inakaribia "gh" ya ghali. Watu wa Madrid wakitamka "gracias", pale kwenye "c" utasikia "th" ya thelathini, wakati watu wa Meksiko hutamka "s". Mzungumzaji wa Kiingereza anatoa jasho kwenye irabu hizo, sisi tunapita. Kilichonisumbua ni "r" ya kuviringisha, maana "pero" ni lakini na "perro" ni mbwa. Hapo programu ilinisaidia kuliko mwalimu yeyote, kwa sababu haichoki. Nilirudia jozi hiyo asubuhi baada ya asubuhi mpaka ulimi ukatii.

Maiki tu ndiyo ina sharti lake. Mvua ya Aprili ikipiga kwenye bati, programu inasikia mvua, na kila ulichotamka inakuambia ni kosa. Nilijifunza kufanya mazoezi ya kutamka kabla mawingu hayajashuka, na siku za mvua kubwa kusikiliza tu.

Tatizo kubwa lilianza mwezi wangu wa pili wa kujifunza, picha zilipoanza kushindwa kueleza. Picha inaweza kukuonyesha mbwa. Haiwezi kukuonyesha "ningependa" wala "ilikuwa imezoeleka". Pale programu ilikuwa inatoa maelezo kwa Kiingereza, na mimi nikawa nabeba Kihispania kutoka Kiingereza hadi Kiswahili kama mpagazi anayezunguka mlima mzima kufika kambi iliyo mbele ya macho yake. Nikawa nasema "estoy hambre", kwa kuwa Kiingereza husema mtu "ni" mwenye njaa. Mhispania anasema "tengo hambre", yaani nina njaa. Tengo sed, nina kiu. Tengo miedo, nina hofu. Tengo treinta años, nina miaka thelathini. Neno kwa neno ni Kiswahili!

Siku niliyogundua hilo nilirudi kwenye maneno ya yule mama wa Horombo. Me duele la cabeza. Kichwa ndicho kinachouma, na "me" ni ile "-ni-" ya kichwa kinaniuma. Ukimuuliza mgonjwa "¿te duele?", hiyo "te" ni "-ku-" ya kinakuuma, na imekaa kabla ya kitenzi kama yetu inavyokaa. Te veo, nakuona. Te espero, nakusubiri. Nilifunga kompyuta nikakaa kimya kidogo, kwa sababu wiki sita nilikuwa nimehangaika na sentensi ambayo mama yangu angeielewa muundo wake bila kuelezwa.

Kuanzia hapo nikabadili utaratibu. Programu ile nikaiachia sauti na picha. Maelezo nikaanza kuyatengeneza mwenyewe kwenye Anki, ambayo ni programu ya bure ya kadi za kukariri. Ipo ya kompyuta na ipo ya simu za Android. Unaandika Kiswahili upande mmoja, Kihispania upande wa pili, na yenyewe inakukumbusha kadi kwa vipindi: unayoikosa inarudi upesi, unayoijua inakaa siku nyingi zaidi kila mara. Haihitaji intaneti wakati wa kusoma, kwa hiyo nilipitia kadi zangu hata nikiwa kambini ndani ya hema, taa ya kichwani imewaka.

Kadi zilizonifungua macho zaidi ni za vitenzi. Kuna sehemu ya sarufi ya Kihispania ambayo vitabu vya Kiingereza huizungumzia kama jini. Wanaiita subjuntivo. Lakini wewe unasema pumzika, kisha unasema nataka upumzike. "A" ya mwisho imegeuka "e". Wao wanasema "descansa", kisha "quiero que descanses". A imegeuka e. Si vitenzi vyao vyote vinavyokwenda hivyo, vile vya "-er" na "-ir" hugeuka kuwa "a", ila wazo la kwamba kitenzi hubadilika unapotaka jambo lifanyike, sisi tunalo tangu utotoni. Hata "ser" na "estar", vitenzi viwili ambavyo Kiingereza huvitafsiri kwa kimoja tu, zilipungua ukali nilipoandika kadi mbili: yeye ni daktari, "es médico", yuko hospitalini, "está en el hospital".

Msamiati nao una ndugu. Mesa na meza, bandera na bendera: haya yetu yalikuja na Wareno, ambao lugha yao ni jirani ya Kihispania. Azúcar na sukari, aceituna na zeituni, alcalde na kadhi: haya ni ya Kiarabu pande zote mbili, maana Waislamu walitawala sehemu za Hispania kuanzia 711 hadi 1492. Hata "hasta" ya "hasta mañana" inatoka kwenye neno lilelile la Kiarabu lililotupa "hata". Neno moja la kuwa nalo makini ni "beba". Kwetu ni kuchukua mzigo. Kwao "beba agua" ni kunywa maji, kwa heshima. Kwa mtu wa mlimani sentensi hiyo ni ya kila saa, usiwe na wasiwasi wapagazi wakigeuka kukuangalia.

Jinsia za majina bado zinanitoa jasho. Ngeli zimetuzoesha upatanisho, kwa hiyo "mesa bonita" na "libro bonito" hazishangazi, lakini "la mano" na "el problema" lazima uzikariri tu.

Kuhusu malipo. Nililipia miezi mitatu kwa dola, kwa kadi, na muda ulipoisha wakakata tena bila mimi kubonyeza chochote. Hela ile sikurudishiwa. Ukinunua programu yoyote ya namna hii, siku hiyohiyo ingia kwenye mipangilio uzime kujihuisha kwa malipo, na uliza kama masomo yanaweza kupakuliwa, maana yangu ilidai bando kila inapofunguka. Uliza pia ni Kihispania cha wapi. Yangu ilikuwa ya Amerika ya Kusini, haikugusa kabisa "vosotros", ile "ninyi" ambayo watu wa Hispania wanaambizana wenyewe kwa wenyewe.

Je, ningeinunua tena? Miezi mitatu ya mwanzo, ndiyo, kwa ajili ya sikio. Baada ya hapo, hapana. Ningebaki na kadi zangu za Kiswahili na kutafuta mtu wa kuongea naye. Nusu saa ya kutembea na mgeni tangu lango la Londorossi ilinifunza kusikiliza kuliko wiki nzima ya maiki, kwa sababu mgeni hakusubiri umalize kufikiri.

Oktoba nilipanda mlima kwa njia ya Lemosho na watu sita kutoka Hispania. Usiku tuliolala kambi ya Barranco mmoja wao hakumaliza supu. Nilichuchumaa mlangoni mwa hema lake nikamuuliza, "¿Te duele la cabeza?" Akasema kidogo. "¿Has vomitado?" Hapana. "¿Cuánta agua has bebido hoy?" Akaanza kueleza mbio, nikamwomba "más despacio, por favor", akarudia polepole: chupa mbili asubuhi, moja mchana, na tangu tufike kambini hajanywa kitu. Nikamletea chai ya tangawizi na chupa iliyojaa, nikakaa naye mpaka akafika nusu, kisha nikaenda kumweleza kiongozi wetu.