Bahasha ileile, bei tatu: uzoefu wangu wa kutuma barua Tanga kutoka Uingereza

Mama hapendi kusoma ujumbe kwenye simu. Macho yanamsumbua, na yeye amezoea barua ya karatasi, aiweke chini ya mto na kuirudia anapotaka. Kwa hiyo tangu nihamie Leicester namwandikia kila mwezi, kwa S.L.P. ya shule aliyokuwa akifundisha, Tanga. Barua zinafika, hilo silalamikii. Nalalamikia bei.

Katika miezi mitatu nilituma bahasha tatu za aina moja, kurasa nne na picha za wajukuu, kwenye madirisha matatu ya posta yaliyo ndani ya maduka ya mtaani. Nililipa bei tatu. Ya pili ilikaribia kuwa maradufu ya ile ya kwanza. Ya tatu ilizidi zote, kwa kuwa karani aliniwekea huduma ya kufuatilia barua njiani bila kuniuliza kama naitaka. Risiti ninazo zote. Nilipouliza sababu niliambiwa ndivyo kompyuta inavyosema, na nyuma yangu foleni ilikuwa ndefu, nikalipa nikaondoka na kinyongo.

Aliyenifumbua macho ni karani wa dirisha la nne, dada mmoja mtulivu. Alitoa kibao cha plastiki chenye upenyo mwembamba, akaipitisha bahasha yangu. Ikaingia nusu, ikakwama. Akapapasa pale ilipokwama: kumbe ni kibanio cha chuma nilichobania picha! Nikaifungua palepale, nikakitoa, akanipa selotepu nikaifunga upya. Safari hii ikateleza mpaka chini, na bei ikarudi kuwa ya barua ya kawaida.

Hapo ndipo nilipoelewa. Barua ya kawaida hapa isizidi sentimita 24 kwa 16.5, unene milimita 5, uzito gramu 100. Ikipita milimita 5, hata kama ina gramu 30 tu, inakuwa barua kubwa. Unene wa barua kubwa nao ukipita sentimita 2.5, hicho ni kifurushi. Mimi muda wote nilikuwa napima uzito nyumbani kwa mizani ya jikoni, kumbe uzito haukuwa na shida yoyote. Na wale makarani wa mwanzo hawakukitumia kibao, walikadiria kwa jicho. Mmoja akaona nyembamba, mwingine akaona nene. Hilo ndilo linaloniuma, kwa sababu mgeni hawezi kubishana na jicho la karani.

Vifurushi vina mambo yake. Kitabu cha hadithi nilichomtumia mpwa wangu kilitozwa kama kifurushi. Kitabu kama hicho, dirisha jingine, niliulizwa kwanza, "Ni kitabu tu ndani?" Nikasema ndiyo, nikatozwa bei ya machapisho, iliyo nafuu, tena machapisho huruhusiwa hadi kilo 5 wakati kifurushi cha kawaida mwisho wake ni kilo 2. Swali moja tu, na tofauti ya hela ikawa kubwa.

Mara moja nilijaribu kampuni binafsi ya kusafirisha mizigo. Nguo za mtoto, kilo 3, ndani ya boksi la sentimita 40 kwa 30 kwa 30. Nikatozwa kilo 7.2, kwa sababu wanazidisha vipimo vya boksi kisha wanagawa kwa 5,000, na namba kubwa ndiyo unayolipia. Nguo zingebanwa kwenye boksi dogo ningeokoa zaidi ya nusu. Sikuambiwa mpaka nimeshalipa.

Huduma naipa nyota tatu kati ya tano: mbili nimezikata kwa sababu ya madirisha, si kwa safari ya barua. Siku hizi nikifika nasema mwenyewe kabla ya mizani: ni karatasi tu, hakuna bidhaa, sihitaji kufuatilia, naomba uipitishe kwenye kibao. Kama ndani kuna bidhaa, hata hereni tu, naomba fomu ya forodha nijaze vizuri, maana Mama ndiye atakayesumbuliwa nayo kule.

Bahasha ya mwezi huu ilikuwa na kurasa tano na picha mbili, bila kibanio. Nimelipa bei ileile ya mwezi uliopita, dirisha tofauti.